Mvua Isiyozinduliwa

Nchi yenyewe ipo, na wenyewe wapo, ila hatuna haja ya kutafutana ubaya kwa kutaja majina. Tuiite Jamhuri ya Kishindo. Anayejiona ndani yake asikilaumu kioo.

Katika Jamhuri hiyo hakuna kitu kinachoanza chenyewe. Choo cha shule huzinduliwa. Kisima huzinduliwa, halafu ndipo maji yatafutwe. Daraja la Mto Nkende limekwisha kuzinduliwa mara tatu, na siku litakapojengwa litazinduliwa mara ya nne. Mgonjwa akipona hospitali ya wilaya bila mgeni rasmi, madaktari humtazama kwa mashaka.

Kwa hiyo mvua nayo huzinduliwa.

Jambo hili halikuanza kwa upumbavu, kama wanavyodai wasiopenda maendeleo. Lilianza kwa sayansi. Mwaka mmoja wa ukame, waziri wa wakati ule alikata utepe kwenye ghala lisilo na nafaka saa nne asubuhi. Saa sita ikashuka mvua ya kutisha, mpaka shangingi lake likasukumwa na wananchi waliokuwa wamekuja kumshangilia. Wataalamu wakajifungia hotelini siku tisa, wakatoka na ripoti ya kurasa mia mbili: utepe ukikatwa, mvua hunyesha. Bunge likapitisha Sheria ya Majira kwa makofi. Kifungu cha nne kinasema hakuna mkulima atakayetia mbegu ardhini kabla mvua haijazinduliwa na mgeni rasmi, ambaye ndiye atakayepanda punje ya kwanza kwa niaba ya taifa. Mahindi yatakayoota mapema yatahesabiwa kuwa yameota kinyume cha sheria, na yatang'olewa hadharani ili yawe fundisho kwa mahindi mengine.

Idara ya Utabiri nayo hailali. Mwaka huu ilitangaza redioni: "Mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, chini ya wastani au juu ya wastani, katika baadhi ya maeneo na katika maeneo mengine. Wakulima mnashauriwa kuzingatia."

Wakulima wakazingatia. Walizingatia angani mpaka shingo zikawauma.

*

Katika kijiji cha Mwalunda aliishi mwanamke mmoja aitwaye Mbuke, mwenye ekari mbili, watoto watatu, na mume aliyekwenda machimboni akawa anaandika barua zake kwa ukimya. Mwaka uliopita jua lilikula shamba lake lote, likamwachia majani ya kufagilia. Kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa debe moja la mbegu, limening'inizwa juu ya meko lipate moshi, wadudu wasilisogelee. Mara mbili watoto waliomba zisagwe. Mara mbili aliwajibu kwamba kile si chakula, kile ni mwaka kesho.

Hesabu za Mwalunda zinajulikana hata na mbuzi. Ukipanda wiki ya kwanza ya mvua, unavuna. Wiki ya pili, unavuna magunzi. Wiki ya tatu, umewaandalia mchwa karamu. Kwa hiyo Mbuke alikuwa na debe moja na wiki moja, na akikosea, hakuna debe jingine.

Uzinduzi ulipangwa tarehe kumi na nane Novemba. Mvua, kwa utovu wake wa nidhamu, ikaja tarehe kumi na nne.

Ilikuja kweli kweli. Ilipiga mabati, ikajaza mitaro, ikawatoa kumbikumbi. Mbuke alichukua jembe, akatoka. Hajainua hata mara moja, sauti ikatoka upande wa pili wa mpaka.

"Shemeji! Wee shemeji! Unafanya nini hapo?"

Huyo alikuwa Kashinje, jirani yake, mtu mwema aliyeipenda serikali kuliko serikali ilivyojipenda yenyewe. Alikuwa na kofia kumi na moja, kila moja ya uzinduzi wake, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya makofi.

"Naoga," alisema Mbuke.

"Na jembe?"

"Mgongoni sifikii."

"Shemeji, usitutie mkosi. Uzinduzi ni tarehe kumi na nane."

"Na mvua imeanza leo, Kashinje. Wewe mwenyewe umelowa mpaka kofia."

Kashinje alijipangusa uso, akatazama juu kwa uchungu wa mtu anayesingiziwa. "Hii si mvua, shemeji. Haya ni maji yanadondoka tu. Mvua ni tarehe kumi na nane. Nimeshapewa fulana."

Mbuke akarudisha jembe. Hakuiogopa fulana, aliogopa kung'olewa. Debe likitiwa ardhini likang'olewa, mwaka kesho unakuwa umeliwa bila hata kusagwa.

*

Tarehe kumi na nane ilifika, na mvua ikafika kabla yake. Turubai la wageni waalikwa lilijaa maji likashuka polepole juu ya viti vya sofa. Spika zilikohoa zikanyamaza. Saa tano, tangazo likabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Mbuke alilisoma mara mbili, akidhani mara ya kwanza amekosea yeye:

"Kutokana na mvua kubwa zinazoendelea kunyesha, wananchi mnataarifiwa kuwa uzinduzi wa mvua umeahirishwa mpaka hali ya hewa itakapokuwa nzuri."

Akaingia ndani kwa Mtendaji wa kijiji, Bwana Pankrasi, kijana aliyefunga tai hata siku za Jumapili, na ambaye kichwani mwake mlikuwa na hofu moja tu: kuhamishiwa kisiwa cha Bwiro, mahali ambapo mbu ni wengi kuliko wapiga kura.

"Shikamoo Mtendaji." Mbuke alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi, lakini siku hiyo alihitaji kitu.

"Mar... aa, mama, karibu. Ni kuhusu nini?"

"Nimesoma tangazo. Mnasubiri mvua ikatike ndipo muizindue?"

"Mama, usipotoshe umma. Tunasubiri hali ya hewa nzuri."

"Sasa kwa mkulima, hali ya hewa nzuri si hii?"

"Hilo halimo kwenye ajenda."

Nje, chini ya upenu, kwaya ya akina mama ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha Waziri. Vijana watano walifanya mazoezi ya kubeba mwamvuli. Mzee mmoja alikuwa akifanya mazoezi ya kusalimiwa. Katika Jamhuri ya Kishindo mgeni rasmi hakutani na jambo lolote ambalo halijafanyiwa mazoezi. Hata ng'ombe wa kupita barabarani hupitishwa mara mbili kabla. Mbuke aliwatazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole wa mtu anayeuliza njia ya dukani:

"Na kupanda, nani anafanyia mazoezi?"

Pankrasi akachukua ratiba. Kidole chake kilishuka mpaka namba kumi na nne: *Wananchi watapanda mbegu kwa shangwe mbele ya Mgeni Rasmi.* Hakuna aliyewahi kufikiria namba kumi na nne.

"Wananchi wanajua kupanda, mama. Ni wakulima."

"Wanajua. Lakini kupanda kwa shangwe? Mbele ya televisheni?" Mbuke alitikisa kichwa. "Mimi nakuhurumia wewe tu. Bwiro ni mbali."

Pankrasi alipunga mkono sikioni kama mtu anayesikia mbu.

"Mazoezi," alisema hatimaye, "si kupanda."

"Hata kidogo."

"Mazoezi ni mazoezi."

"Ndiyo maana yake, Mtendaji."

"Lakini yafanyike kwa uhalisia! Sitaki mtu anachomachoma ardhi na kijiti. Mbegu halisi, nafasi halisi, mistari iliyonyooka."

"Itanibidi nitumie shamba zima, maana mistari mifupi haifundishi."

Kibali kikaandikwa. Kikagongwa muhuri mbele, kikageuzwa, kikagongwa nyuma.

Mbuke alimpitia Kashinje njiani. "Jirani, kuna mazoezi ya kupanda. Yana muhuri. Leta mbegu zako."

"Mimi na mazoezi ya kupanda wapi na wapi? Mimi ni makofi. Nikishika matope leo, kesho mikono italia *papapa* au *chwachwachwa*?"

"Kashinje, wiki inakwisha."

"Serikali haijawahi kututupa, shemeji."

Basi Mbuke akafanya mazoezi. Alifanya mazoezi siku tatu mfululizo, ekari mbili zote, na watoto wake watatu wakamfuata nyuma wakifukia kwa nyayo. Siku ya pili Pankrasi alikuja kukagua, amekunja suruali, kashika mwamvuli.

"Mistari vizuri. Nafasi vizuri. Ila uso, mama! Unapanda kama mtu mwenye njaa. Tabasamu!"

Mbuke akatabasamu, akatia punje ya mwisho, akafukia.

*

Mvua ilinyesha Novemba iliyobaki na Desemba yote, na uzinduzi ukaahirishwa mara saba. Mara ya tatu Waziri alikuwa ng'ambo, kwenye kongamano la ukame lililofanyika katika nchi yenye theluji. Mara ya tano gari la matarumbeta lilikwama kwenye tope la mvua ambayo, kisheria, ilikuwa bado. Wakulima wa Mwalunda walikaa vibarazani wamevaa fulana mpya, wakiangalia maji ya heri yakipita kuelekea mtoni, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba mambo mazuri hayataki haraka.

Tarehe kumi na mbili Januari mvua ikakatika. Anga likawa bluu, safi, halina hata doa. Siku ya pili yake simu ikalia ofisi ya kijiji: hali ya hewa sasa ni nzuri sana, Mheshimiwa atafika tarehe ishirini na tano.

Tarehe ishirini na tatu Pankrasi alikwenda kukagua eneo la namba kumi na nne, akakuta mahindi yamempita kimo. Yalikuwa yamechanua, yametoa ndevu, na yalikuwa yakimtazama.

Alirudi na mgambo mmoja aitwaye Lugendo na mapanga mawili.

"Mama, mazoezi yamezidi kiwango."

"Uliniambia uhalisia."

"Mheshimiwa anakuja kupanda punje ya *kwanza*! Ya kwanza! Sasa ataipanda wapi, kwenye kivuli cha ya pili? Lugendo, fyeka."

Lugendo alikuwa hajala tangu jana. Aliyatazama mahindi kwa namna ambayo haikuwa ya kiaskari, panga likabaki chini. Mbuke alisimama mbele ya mstari wa kwanza. Hapo sasa debe lote lilikuwa limesimama kwa miguu yake mbele ya panga. Lakini sauti aliituma polepole.

"Fyekeni. Sina neno. Nauliza tu, Mtendaji: televisheni ikimpiga Mheshimiwa picha, nyuma yake taifa litaona nini?"

Pankrasi akageuka. Kushoto vumbi. Kulia vumbi. Kule mbali, mbuzi wa Kashinje alikuwa anakula kofia.

Akapiga simu wilayani. Wilaya ikapiga mkoani. Mkoa ukapiga mahali ambapo hapatajwi. Baada ya saa nne jibu likashuka: yasifyekwe, yazibwe. Likaletwa pazia la mita mia moja na ishirini lenye rangi za taifa, likatandazwa mbele ya shamba, na mbele ya pazia kikaachwa kijishamba cha ukubwa wa kitanda, kwa ajili ya Waziri.

*

Mheshimiwa Balozi Daktari wa Heshima Zakayo Ndalichuma, Waziri wa Mvua, Ukame na Matukio Mengine ya Angani, alifika na mashangingi kumi na manne na gari la zimamoto. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti iliyokuwa ikitangulia kufika.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa! Serikali yenu imesikia kilio chenu cha mvua. Sasa nasema: mvua na inyeshe!"

Akakata utepe. Akapanda punje. Gari la zimamoto likanyunyiza maji juu, yakashuka kwa adabu pale pale yalipoelekezwa, na Kashinje akaongoza makofi. Wananchi wakamiminika mashambani kwao, wakaanza kuzika mbegu zao kwenye vumbi, kwa shangwe, kama ratiba ilivyosema. Kashinje alizika zake zote. Hakubakiza hata kiganja.

Ndipo upepo, ambao haukuwa kwenye ratiba, ukaja ukalichukua pazia.

Lilipaa kama shuka la mtu aliyefumaniwa. Nyuma yake ekari mbili za mahindi mabichi zikasimama mbele ya mgeni rasmi. Pankrasi alihisi mbu wa Bwiro shingoni. Mbuke alishika mikono ya watoto wake.

Lakini mtu hawi waziri hivi hivi. Ndalichuma aliyatazama mahindi, akaitazama punje yake, akamgeukia msaidizi.

"Nimepanda saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini, Mheshimiwa."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika thelathini na moja, Mheshimiwa."

Waziri akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ndugu wananchi," alisema, na sauti ikamtetemeka kwa kuguswa na ukuu wake mwenyewe, "dakika kumi na moja!"

Makofi yaliyopigwa siku ile, Kashinje anasema, hayajapata kutokea.

*

Muujiza una gharama zake. Wiki iliyofuata malori ya chakula cha msaada, yaliyokuwa yameshafika wilaya jirani, yaligeuzwa. Barua ilieleza kwa ufasaha: wilaya ambayo mahindi huota kwa dakika kumi na moja haiwezi kudai ina njaa; kama ina njaa, basi ni uvivu wa dakika kumi na moja.

Shamba la Mbuke nalo likatangazwa Eneo la Utafiti wa Taifa. Likazungushiwa utepe, akawekwa Lugendo kulilinda, na Mbuke akaonywa asiguse hata jani mpaka wataalamu wafike kutoka makao makuu. Februari ikapita. Mahindi yakakauka, yakainamisha vichwa. Wataalamu walikuwa bado wanajadili nani atangulie kwenye msafara. Waliotangulia ni kwelea, ndege wadogo wasio na cheti hata kimoja, wakaingia kwenye utafiti kwa maelfu. Kwa Kashinje na wengine hakukuota kitu. Mchwa walikuwa wamezindua mapema.

Asubuhi moja ya Machi mtoto mdogo wa Mbuke alikaa mlangoni, hakutaka kucheza. Mbuke akamtazama, akachukua vikapu, akaenda shambani. Akainua utepe wa taifa, akapita chini yake kama anavyopita chini ya kamba ya nguo.

"Mama," alisema Lugendo, amekaa chini, "nimekatazwa."

"Umekatazwa nini?"

"Niliambiwa nilinde mahindi yasiibiwe."

"Basi linda. Mwizi akija nishtue." Akavunja muhindi wa kwanza. *Ka!*

Lugendo akafikiri. Ilimchukua muda, maana kichwa nacho kinataka kula. Halafu akasimama, akaegemeza rungu kwenye bua, akauliza, "Vikapu vingine viko wapi?"

Walivuna siku mbili. Siku ya pili jioni Kashinje alikuja mpaka kwenye mpaka, akasimama pale bila kofia. Hakuna aliyewahi kuona kichwa chake; kumbe kina mvi.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kuwapongeza."

"Pongeza, jirani. Kwa mikono ipi, ya *papapa*?"

Kashinje akatazama chini. "Mke wangu, Mama Nkwimba, hajapika siku ya pili leo."

Mbuke alikuwa na maneno mazuri sana ameyatunza tangu Novemba, makali, yamenolewa pande zote mbili. Aliyatafuta, akaona hayaivi chunguni. Akamjazia kapu la kula, kisha akampimia vibaba viwili vya punje teule kwenye kitambaa, akafunga fundo.

"Hizi si za kusaga. Ukisikia bati linalia, unatoka mbio. Usinitazamie kalenda."

"Na sheria je?"

"Kashinje."

"Nimesikia, shemeji."

Wengine nao wakaja. Kila mmoja aliondoka na kapu na fundo, na debe la mwaka mzima likagawanyika vijiji vitatu.

*

Wataalamu walifika Machi kumi na nane, watu tisa, wakakuta mabua. Wakaitisha kikao cha dharura ofisini, wanakijiji wakajazana mpaka madirishani, na Mbuke akasimamishwa mbele kama shahidi, debe la mbegu zilizobaki likiwa miguuni pake. Kiongozi wa msafara alikuwa profesa mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani.

"Mama, eleza kwa lugha nyepesi. Ulifanya nini mpaka mahindi yakaota?"

"Niliyapanda mvua iliponyesha."

Profesa akasubiri. "Halafu?"

"Yakaota."

Wakanong'onezana. "Hapana," alisema profesa kwa huruma, "hiyo haiwezi kuwa sababu. Ingekuwa ndiyo sababu, tungekuwa tunaijua. Tumeshaandika ripoti ya awali, na kasoro ya mbegu hii tumeiona: inakomaa haraka kuliko serikali. Tunapendekeza itafutwe mbegu yenye subira."

Juu ya bati kukasikika *ta*. Halafu *ta, ta*.

Mbuke akainua uso. Chumba kizima kikainua uso. Kisha ikaja mvua yote kwa pamoja, mshindo mmoja, na profesa akawa anafungua kinywa bila kusikika. Kashinje ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Alipitia dirishani. Baada yake Lugendo, baada yake kwaya nzima.

"Kikao hakijafungwa!" Pankrasi alipiga kelele mlangoni. "Wananchi! Mvua hiyo haijazinduliwa!"

Hakuna aliyegeuka. Huko mashambani migongo ilikwisha kuinama, mstari kwa mstari, mpaka mtoni. Kutoka ng'ambo ya barabara mke wa Pankrasi mwenyewe akampigia ukelele, amejifunga kanga kiunoni, miguu kwenye tope: "Baba Sele! Wenzako wako mstari wa tatu, wewe unafunga tai!"

Pankrasi akawatazama wataalamu tisa. Akautazama muhuri mezani. Kisha akamkimbilia Mbuke, akamdaka kwenye kona ya ofisi akiwa na debe kiunoni, akainamisha kichwa ili maji yasimwingie machoni.

"Mama Mbuke. Shikamoo."

"Marahaba."

"Nipimie na mimi kidogo. Nyumbani hamna hata punje."

Mbuke alimtazama kwa kitambo kama mtu anayesoma tangazo. "Leta chombo."

Hakuwa na chombo. Alijipapasa mifuko yote, akatoa bahasha kubwa ya serikali iliyoandikwa SIRI, akamwaga karatasi zake kwenye dimbwi, akaishikilia wazi kwa mikono miwili. Mbuke akaijaza mpaka shingoni. Pankrasi akaikumbatia kifuani, akakata mbio kuelekea kwa mkewe, tope likimrukia mpaka kwenye tai.